Namna ya Kuwapanga Njiwa Walao Matunda Katika Koo Zao: Mwongozo Kamili kwa Watazamaji wa Ndege wa Bukavu

Njiwa walao matunda hawatoki katika ukoo mmoja. Kauli hiyo ndiyo msingi wa mwongozo huu, na anayeikubali tangu mwanzo ataepuka makosa mengi yanayowakuta wanaoanza kuwapanga ndege hawa kwa kuangalia chakula chao tu. Kula matunda ni desturi ya maisha ambayo njiwa wa matawi mbalimbali wameipata kila mmoja kwa njia yake, ilhali uainishaji, kama unavyofanywa na wataalamu leo, unafuata nasaba: nani ametokana na nani, na ni babu yupi aliye wa wote wawili. Mkuyu mmoja wenye matunda mabivu unaweza kuwakusanya ndege wawili ambao kinasaba wako mbali sana, huku mmoja wao akiwa na jamaa wa karibu anayeokota mbegu chini ya ua wa jirani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Bukavu na viunga vyake, hasa wanafunzi wa biolojia, vijana wanaojifunza kuongoza wageni kule Tshivanga, na mtu yeyote mwenye subira ya kukaa chini ya mti huku shingo ikimuuma. Mji wetu una bahati katika jambo hili. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,460, na Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ambayo lango lake la Tshivanga liko mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mjini, inaanzia katika misitu ya bondeni yenye joto na kupanda hadi kilele cha Kahuzi chenye mita 3,308. Kwa hiyo, njiwa wa msitu wa Kongo na njiwa wa milimani wanakaribiana hapa kuliko katika sehemu nyingi za Afrika.

Vitu vya kuwa navyo

Unahitaji darubini ya kawaida, daftari, kalamu ya risasi ambayo maandishi yake hayafutwi na mvua, na simu inayoonyesha mwinuko kutoka usawa wa bahari. Mwinuko uandikwe kila mara, kwa sababu kwa baadhi ya njiwa wa hapa takwimu hiyo husaidia kuliko rangi ya manyoya. Anayetaka kuingia hifadhini apitie ofisi ya ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi za taifa, na atembee na walinzi. Msitu huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, na si mahali pa kuzurura peke yako ukifuata sauti ya ndege. Kwa mazoezi ya mwanzo, bustani zenye miti mikubwa katika mitaa ya Muhumba na Nguba zinatosha kabisa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ndege huyo ni njiwa

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayorukwa mara nyingi. Njiwa wote wamo katika familia ya Columbidae, na familia hiyo peke yake ndiyo inayounda oda ya Columbiformes kati ya ndege walio hai. Ina spishi zaidi ya 300 duniani kote. Dalili zake ni hizi: kichwa kidogo kwa kulinganisha na kiwiliwili, mdomo mwembamba wenye ngozi laini iliyovimba kidogo karibu na matundu ya pua, manyoya mazito yanayong'oka kwa urahisi, na kiota cha vijiti vichache ambacho mara nyingi unaweza kuliona yai kwa kukichungulia kutoka chini. Mayai ni moja au mawili tu, nayo ni meupe.

Dalili mbili nyingine zina uzito zaidi. Njiwa hunywa maji kwa kuzamisha mdomo na kuyafyonza mfululizo, ilhali ndege wengi huteka maji kidogo kisha huinua kichwa ili yashuke kooni. Vilevile, dume na jike wote wawili huwalisha makinda wao maziwa mazito yanayotengenezwa katika mfuko wa koo. Maziwa hayo yana maana ya pekee kwa njiwa walao matunda, kwani matunda mengi yana protini kidogo, na ndege wengi wengine walao matunda hulazimika kuwatafutia makinda wao wadudu. Njiwa hahitaji kufanya hivyo.

Anayechanganywa zaidi na njiwa hapa kwetu ni kasuku, na kosa hilo linaeleweka. Ninga, yaani njiwa wa kijani, hupanda matawini kwa miguu, hujinyonga kichwa chini ili kulifikia tunda, na hukaa kimya ndani ya majani kiasi kwamba humwoni mpaka tunda likuangukie. Angalia mdomo: wa kasuku umepinda na una nguvu ya kuvunja kokwa, wa ninga umenyooka na kupinda kidogo kwenye ncha tu. Shorobo, wale ndege wa msituni ambao mabawa yao huonyesha wekundu wanaporuka, wana mkia mrefu na hukimbia juu ya matawi, jambo ambalo njiwa hafanyi.

Hatua ya pili: tazama anavyokula, lakini usihukumu kwa chakula

Andika jina la mti, au uuchore kama hulijui, kisha andika kama ndege huchuma tunda mtini au huokota lililoanguka. Andika pia kama hulimeza zima. Njiwa hana meno wala hatafuni, kwa hiyo kazi yote hufanyika ndani, katika firigisi, na hapo ndipo tofauti kubwa iliyofichika inapopatikana.

Katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Treron, ambayo ndiyo ya ninga, firigisi ni nene na yenye misuli mingi, na ndege humeza changarawe zinazosaidia kusaga. Matokeo yake ni kwamba mbegu ndogo za makuyu husagwa na kuyeyushwa pamoja na nyama ya tunda. Kwa mti, ninga ni mlaji wa mbegu zaidi kuliko msambazaji wake. Katika jenasi za Ptilinopus na Ducula, ambazo ni njiwa wa matunda wa Asia ya kusini-mashariki na visiwa vya Pasifiki, firigisi ni nyembamba na utumbo ni mfupi na mpana, kwa hiyo nyama ya tunda huondolewa na mbegu hutoka nzima, tayari kuota mahali pengine. Makundi yote haya mawili yaliitwa njiwa wa matunda na kuwekwa pamoja katika vitabu kwa muda mrefu. Ukifungua matumbo yao, unakutana na kazi mbili zinazopingana.

Jambo hili unaweza kulifuatilia bila kumdhuru ndege. Chini ya mkuyu wanaolala au kula ninga, okota vinyesi vibichi ukiwa umevaa glavu, vioshe katika chujio la chai ambalo hutalirudisha jikoni, kisha tafuta mbegu nzima kwa kioo cha kukuzia. Hakikisha tu kwamba umemwona aliyekiacha kinyesi hicho, kwa sababu mkuyu mmoja huwalisha popo, nyani, shorobo na hondohondo, na kila mmoja huacha alama yake.

Hatua ya tatu: jua matawi makubwa ya familia

Mwaka 1758, Mswidi Carl Linnaeus aliwaweka njiwa wote aliowajua katika jenasi moja, Columba. Baadaye, kadiri mizoga iliyokaushwa ilivyozidi kufika Ulaya kutoka makoloni, jenasi hiyo ilikatwakatwa, na mmoja wa waliokata sana alikuwa Charles Lucien Bonaparte, mpwa wa Napoleon, aliyeelekeza nguvu nyingi kwa njiwa katika miaka ya 1850 na kuacha majina mengi yanayotumika hadi leo. Kutokana na kazi ya vizazi hivyo lilipatikana kundi lililoitwa Treroninae, nusufamilia ya njiwa walao matunda. Ndani yake waliwekwa ninga wa Treron, Ptilinopus, Ducula, njiwa wa buluu wa Bahari ya Hindi wa jenasi Alectroenas, na wengine wachache. Mpango huo ulipendeza macho: wengi wao wana rangi za kuvutia, wote hula matunda, na wote hukaa mitini.

DNA iliuvunja. Tafiti zilizochapishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha kwamba kundi la Treroninae halikuwa na babu mmoja aliye wao peke yao. Ukikutana na jina hilo katika kitabu cha zamani kwenye maktaba ya kituo cha utafiti cha Lwiro au ya chuo, lisome kama historia. Mpangilio unaotumika sasa una nusufamilia tatu. Ya kwanza ni Columbinae, yenye njiwa wa Columba, tetere wa Streptopelia, na jamaa zao wengi wa Amerika. Ya pili ni ya njiwa wadogo wa ardhini wa Amerika, ambao hawatuhusu hapa. Ya tatu ni Raphinae, na hii ndiyo inayostaajabisha, kwa kuwa inawakusanya ninga, Ptilinopus, Ducula, Alectroenas, njiwa wenye taji wa Guinea Mpya, na pugi wadogo wa Afrika wa jenasi Turtur.

Jina la Raphinae limetokana na Raphus, yaani dodo wa Mauritius, ndege mkubwa asiyeruka aliyetoweka katika karne ya 17. Mwaka 1842, Mdenmark Johannes Theodor Reinhardt alisema kwamba dodo alikuwa njiwa, na wenzake walimcheka. Mwaka 2002 uchunguzi wa DNA kutoka masalia ya dodo ulimweka waziwazi ndani ya njiwa, jamaa yake wa karibu aliye hai akiwa njiwa wa Nikobari, Caloenas nicobarica. Kwa hiyo ninga anayekula makuyu katika bustani ya Muhumba yuko upande wa dodo katika mti wa nasaba, na njiwa mkubwa wa milimani anayekula matunda hayo hayo yuko upande wa tetere na wa njiwa wafugwao.

Hilo ndilo jambo ambalo, kwa maoni yangu, kila mwongozaji wa wageni angepaswa kulijua kabla ya kukariri majina. Pugi aokotaye mbegu njiani yuko karibu na ninga kuliko njiwa yeyote wa Columba, hata yule aliyetua tawi moja na ninga. Na hata ndani ya Raphinae, ninga na Ptilinopus hawako chumba kimoja: ninga wana kabila lao, Treronini, na Ptilinopus pamoja na Ducula na Alectroenas wana lao. Rangi ya kijani iliyofanana haikuwa ushahidi.

Hatua ya nne: ninga

Kwa Afrika bara, kazi ya kumpanga njiwa wa kijani ni nyepesi, kwa sababu Ptilinopus, Ducula na Alectroenas hawafiki huku. Njiwa wa kijani ni Treron, basi. Jenasi hii ina spishi 30 hivi, nyingi zikiwa za Asia. Za Afrika na visiwa vyake ni chache: Treron calvus aliyeenea bara, Treron waalia wa nchi zenye ukame kuanzia Senegali hadi Ethiopia, Treron pembaensis wa kisiwa cha Pemba, Treron sanctithomae wa São Tomé, Treron griveaudi wa Komoro, na Treron australis wa Madagaska. Aliye kwetu ni Treron calvus.

Alama zake ni mwili wa kijani unaoelekea njano, baka la urujuani begani, manyoya ya njano mapajani, rangi ya mdalasini chini ya mkia, jicho la buluu hafifu, na ngozi nyekundu kwenye shina la mdomo ambao ncha yake ni nyeupe. Sehemu ya juu ya muundi imefunikwa manyoya, na nyayo ni pana, kwa ajili ya kushika matawi. Sauti yake haifanani na mngurumo wa njiwa wengine: huanza kwa mlio wa kukwaruza na filimbi, kisha hushuka kwa vicheko vya ajabu. Ukisikia farasi mdogo ndani ya mkuyu, subiri.

Tatizo liko katika nususpishi. Treron calvus ina zaidi ya kumi, na zinatofautiana kwa ukubwa wa ngozi nyekundu ya mdomo, kwa kiasi cha kijivu shingoni na hata kwa rangi ya miguu, ambayo mahali pengine ni nyekundu na pengine ni njano. Hapa Kivu, ambapo ndege wa msitu wa Kongo na wa nyanda za mashariki hukutana, nashauri usiandike nususpishi kwa kuona kwa darubini. Andika alama ulizoziona, hasa rangi ya miguu, na umwachie anayeweza kulinganisha vielelezo mezani kazi ya kutoa jina.

Hatua ya tano: Columba wa juu mitini

Hapa ndipo penye utajiri na penye makosa. Njiwa hawa ni wakubwa, wana rangi za kijivu, kahawia na damu ya mzee, hukaa vileleni, na mara nyingi unachoona ni umbo jeusi linalokatiza juu ya bonde kwa kasi. Tumia mwinuko kwanza, kisha rangi ya mdomo na miguu, kisha mkia, na mwisho mabaka ya mwilini.

Wa milimani ni Columba arquatrix, ambaye vitabu vya Kifaransa humwita pigeon rameron. Ana urefu wa sentimita 40 hivi. Mdomo wote ni wa njano, miguu ni ya njano, na ngozi iliyozunguka jicho nayo ni ya njano, kwa hiyo hata akiwa kivulini kichwa chake huonekana kama kimepakwa alama. Kisogo ni cha kijivu cheupe, na kifua chenye rangi ya damu ya mzee kina madoa meupe. Mkia wake ni mweusi mtupu, hauna ukanda. Hula matunda ya mizeituni ya mwitu, ya Podocarpus, na ya Prunus africana, ule mti ambao maganda yake huuzwa kama dawa na ambao umekatwa vibaya katika milima yetu. Anayetafuta njiwa huyu atafute kwanza miti hiyo. Kundi lake husafiri kati ya msitu mmoja na mwingine kufuata miti inayoiva, kwa hiyo kutomwona kwa miezi kadhaa mahali fulani si ushahidi kwamba hayupo.

Jamaa zake wa karibu wametawanyika kwa namna inayofundisha: Columba sjostedti yuko katika milima ya Kamerun, Columba thomensis São Tomé, na Columba pollenii Komoro. Wote ni wa milimani au visiwani, na mara nyingi mlima ulio juu ya msitu wa joto hufanya kazi ya kisiwa.

Ukishuka magharibi kuelekea Irangi na misitu ya bondeni, arquatrix hupungua na wengine huchukua nafasi. Columba unicincta ni wa kijivu, ana duara jekundu kuzunguka jicho, na mkia mweusi wenye ukanda mpana wa kijivu cheupe unaoonekana vizuri akiruka. Ukanda huo unatosha kumtambua. Columba iriditorques ni mdogo zaidi, kama sentimita 28, dume akiwa na kichwa cha kijivu na kisogo kinachometameta rangi za shaba na waridi, na mkia wenye ncha iliyopauka. Huyu pamoja na Columba delegorguei wa upande wa mashariki na Columba malherbii wa São Tomé waliwahi kuwekwa katika jenasi yao, Turturoena, iliyopewa jina mwaka 1917 na Mmarekani James Chapin, yule yule aliyekuja kumtambulisha tausi wa Kongo kwa ulimwengu mwaka 1936. Orodha nyingi za leo zinawaweka katika Columba, lakini jina la Chapin bado hutokea katika maandiko ya zamani kuhusu Kongo, na ni vyema ulitambue.

Yupo pia Columba albinucha, aliyeelezwa mwaka 1911 na Moriz Sassi wa Vienna kutokana na ndege waliopatikana mashariki mwa Kongo. Huyu ndiye anayefanya daftari za wanafunzi zijae alama za kuuliza, kwa kuwa kisogo chake ni cheupe kama kile cha arquatrix. Tofauti iko katika mdomo na miguu: albinucha ana mdomo mwekundu kwenye shina na miguu myekundu, wala hana ule unjano uliotapakaa. Kama hukuona miguu wala mdomo, na mwinuko wako ni wa katikati, huna haki ya kuchagua kati ya hao wawili.

Hatua ya sita: wale wa chini

Columba larvata ana uso mweupe na tumbo la rangi ya mdalasini, na hutembea sakafuni mwa msitu akiokota mbegu na matunda yaliyoanguka. Vitabu vya zamani vinamwita Aplopelia larvata. Pugi wa Turtur, kama Turtur tympanistria mwenye uso na kifua cheupe, hula mbegu zaidi, ingawa hawakatai tunda dogo. Tetere wa Streptopelia na wale wa mijini, Spilopelia senegalensis, ni wa mbegu na makombo. Wapitie haraka, lakini uwaandike, kwa sababu wao ndio wanaokuonyesha matawi ya nasaba yanavyopishana na meza ya chakula.

Hatua ya saba: kuandika jina kama inavyotakiwa

Jina kamili la kisayansi lina jenasi, spishi, mwandishi na mwaka. Linganisha Columba arquatrix Temminck, 1808 na Treron calvus (Temminck, 1811). Mwandishi ni mmoja, Mholanzi Coenraad Jacob Temminck, lakini jina lake limewekwa katika mabano mara moja tu. Mabano yanamaanisha kwamba spishi hiyo imehamishwa kutoka jenasi aliyoiweka mwandishi wa kwanza. Temminck aliwaweka wote wawili katika Columba, arquatrix akabaki, ninga akahamishiwa Treron, jenasi iliyoundwa na Mfaransa Vieillot mwaka 1816. Columba larvata Temminck hana mabano, kwa sababu baada ya kutangatanga katika Aplopelia amerudishwa alikoanzia. Kwa hiyo alama ndogo hiyo inakusimulia safari ya ndege katika vitabu, na anayeiandika ovyo anafuta habari.

Utakuta pia Treron calva na Treron calvus. Ni ndege yule yule. Jenasi ilihesabiwa zamani kuwa ya kike katika sarufi ya Kilatini na sasa inahesabiwa ya kiume, na mwisho wa jina la spishi hufuata. Tumia calvus, ila usimsahihishe mwandishi wa zamani unapomnukuu.

Katika daftari, kila ndege apate mistari yake: tarehe, saa, mahali, mwinuko, mti na hali ya matunda, idadi, alama ulizoziona kwa macho yako, na baada ya hapo jina. Mpangilio huu una sababu. Ukianza na jina, mkono utaandika alama ambazo jicho halikuziona, kwa kuwa kitabu kinasema zipo.

Hatua ya nane: chagua orodha moja na uitaje

Kwa miaka mingi ulimwengu wa ndege ulikuwa na orodha kadhaa zilizohitilafiana, miongoni mwao ile ya IOC, ile ya Clements, na ile ya BirdLife. Mwaka 2025 ilitolewa AviList, iliyokusudiwa kuziunganisha. Yoyote utakayofuata, andika jina lake na mwaka wake mwanzoni mwa daftari. Mipaka ya jenasi bado inasogea: DNA imeonyesha kwamba Alectroenas wamechipuka ndani ya Ptilinopus, na hapo kuna njia mbili tu, ama kuwameza katika Ptilinopus ama kuikata Ptilinopus vipande, na wataalamu hawajakubaliana wote. Njiwa wa Amerika waliokuwa Columba nao wamehamishiwa Patagioenas. Msomaji wa daftari lako miaka ishirini ijayo atahitaji kujua uliandika kwa mpangilio upi.

Mahali ambapo alama hazikutosha, simama kwenye ngazi unayoimudu. Umbo kubwa jeusi lililokatiza bonde la Tshivanga bila kuonyesha mdomo liandikwe Columba sp., pamoja na mwinuko na mwelekeo alikotoka na alikoenda. Kama hata hilo hukuliona vizuri, andika Columbidae tu, kisha rudi chini ya mti ule ule asubuhi inayofuata, kabla matunda hayajaisha.